Vidonge Vipo, Tiba Bado: Maswali Yenu Kuhusu Sonona na Dawa Zake

Tangu toleo lililopita, tulipogusia sonona, yaani ugonjwa wa huzuni isiyoondoka, kwa aya mbili tu, barua zilizotufikia zimezidi nafasi tuliyo nayo. Nimezisoma zote, na nimekuta ndani yake jambo ambalo kwa miaka yote niliyosimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa nililiona bila kulitafakari vya kutosha: katika nyumba nyingi vidonge vya akili vimo, kwenye mkoba wa bibi, juu ya kabati, au ndani ya kopo la kahawa lililomaliza kazi yake, lakini anayeumwa sonona humo ndani hatibiwi. Amitriptilini, dawa ya sonona inayotuliza pia maumivu ya neva, inamezwa na mjomba mwenye kisukari kwa sababu nyayo zake zinawaka moto usiku, ilhali shangazi mwenye sonona amepewa diazepamu, kidonge cha usingizi, ili alale. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 332 duniani wana sonona, na kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati watu zaidi ya 75 katika kila 100 wenye maradhi ya aina hii hawapati matibabu yoyote.

Barua nimezifupisha na majina nimeyaondoa. Ninayoyajibu ni yale yanayoweza kujibiwa kwa maandishi. Kipimo cha dawa yako wewe kinaamuliwa na anayekuona uso kwa uso.

Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 41, mama wa watoto watatu, nauza vitenge hapa Tanga. Kwa miezi mitano nilikuwa nikiamka saa nane usiku na usingizi haurudi, mwili mzima unauma, sina hamu ya kula wala ya kufungua duka. Nimepimwa malaria mara nne, taifodi mara mbili na UTI sijui mara ngapi, na zote nimetibiwa. Mwishowe daktari mmoja aliniuliza maswali mengi, akaniandikia amitriptilini ya miligramu 25 usiku. Usingizi nilipata, lakini kinywa kilikauka kama mtu aliyekula mabibo, asubuhi kichwa kizito, na choo kikawa kigumu. Dada yangu aliposoma jina la dawa akasema hizo ni dawa za vichaa wa Mirembe. Niliziacha siku ya tisa, maana huzuni yenyewe ilikuwa palepale. Je, nimekosea?

Marahaba, mdogo wangu. Uliyekosewa ni wewe, kwa sababu hukuelezwa. Nalisema hili nikiwa na deni langu mwenyewe. Nikiwa bado mgeni kazini, alikuja mwanamke mmoja na karatasi kama yako. Nilimhesabia vidonge 30, nikavitia kwenye bahasha ndogo ya kaki, nikaandika kwa kalamu "1x1 usiku", nikamwita anayefuata. Alirudi baada ya siku kumi na bahasha ileile, ameikunja mara nne ndani ya leso, ina vidonge 22, akaiweka juu ya kaunta na kusema, "Hizi hazinifai." Ile bahasha ilikosa jambo moja tu ambalo mgonjwa yule alilihitaji kuliko hata vidonge vyenyewe, yaani kuambiwa kwamba kwa dawa hizi kero hutangulia na nafuu hufuata nyuma.

Kinywa kukauka, usingizi mzito na choo kigumu huanza usiku wa kwanza au wa pili. Usingizi na hamu ya kula huweza kurudi katika wiki mbili za mwanzo, lakini huzuni, ule uzito wa kifuani unaomfanya mtu aone hata kuoga ni kazi, huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kulegea, na hatusemi kwamba dawa imeshindwa kabla ya wiki nne hadi sita za kipimo kinachotosha. Wewe uliacha siku ya tisa, wakati kero zote zimeshafika na nafuu ingali njiani.

Nimesema "kipimo kinachotosha" makusudi. Miligramu 25 ni kipimo cha kuanzia. Kwa mtu mzima mwenye sonona, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa watoa huduma wasio mabingwa unaelekeza kuanza na miligramu 25 wakati wa kulala, kisha kupanda kila wiki kwa miligramu 25 hadi 50 mpaka kufikia kati ya 100 na 150, na wazee wapewe kidogo zaidi kuliko hapo. Miligramu 10 au 25 peke yake ndiyo tunayompa mwenye maumivu ya neva au kipandauso. Nimekutana na wagonjwa waliomeza kidonge kimoja cha 25 mwaka mzima kwa ajili ya sonona, ambayo ni sawa na kusonga ugali kwa moto wa mshumaa, kisha wakaandikwa kwenye faili kwamba dawa imewashinda. Usijiongezee mwenyewe, lakini una haki ya kumuuliza daktari: "Hiki ni kipimo cha kuanzia au cha kubaki nacho, na nirudi lini ili kipandishwe?"

Kero zako zina dawa zake za nyumbani. Meza kidonge saa mbili usiku badala ya saa nne, na uzito wa asubuhi utapungua. Kunywa maji kidogo kidogo mchana, ongeza papai, mchicha na dona. Ukitoka kitandani keti kwanza, ndipo usimame, kwa kuwa dawa hii huweza kushusha presha ghafla. Moyo ukienda mbio isivyo kawaida, mkojo ukigoma kutoka, au jicho likiuma na kuona kukafifia, rudi hospitali bila kungoja tarehe. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya macho au tezi dume iliyovimba amweleze daktari kabla, kwani huenda akapewa fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, badala yake. Na kwa kuwa umekuwa mgeni wa mara kwa mara wa maabara ya malaria, ukiandikiwa dawa mseto ukiwa unatumia amitriptilini, taja. Zote mbili zinaweza kugusa mapigo ya moyo.

Vile vipimo vingi vya malaria havinishangazi. Huku kwetu sonona huja hospitalini kwa mlango wa mwili: kichwa kinawaka moto, mgongo unavuta, tumbo linajaa, moyo unadunda. Mgonjwa hasemi "nina huzuni" kwa sababu huzuni haijawahi kuwa jambo la kumpelekea daktari. Aliyekuuliza maswali mengi alifanya kazi yake vizuri; pengine alitumia orodha ya maswali tisa ya kupima sonona, ambayo tafsiri yake ya Kiswahili imeshajaribiwa na kuthibitishwa, yanayouliza kuhusu wiki mbili zilizopita: hamu ya mambo uliyoyapenda, usingizi, chakula, uchovu, kujilaumu, kuwaza kifo. Akupime pia wingi wa damu na, ikiwezekana, tezi ya shingo, maana upungufu wa damu na tezi iliyolala huweza kujivika nguo za sonona.

Kuhusu dada yako. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, imekuwepo Dodoma tangu 1927 na jina lake limegeuzwa tusi la mitaani, jambo ambalo si kosa la waliolazwa wala la wanaowauguza. Hata hivyo amitriptilini si dawa ya kichaa. Wanaosikia sauti zisizokuwepo hupewa kundi jingine kabisa, kama klopromazini na haloperidoli. Mwambie aulize ukoo wenu vizuri. Huenda kuna mtu mwenye kisukari ambaye amekuwa akiimeza hiyohiyo miaka mingi na hajawahi kuvua nguo sokoni.

Mimi ni mstaafu wa reli, nina miaka 67, naishi Morogoro. Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita. Wiki ya msiba kijana wa duka la dawa alinipa diazepamu ya miligramu 5 ili nipate kulala, na tangu hapo nimekuwa nanunua mwenyewe. Nikizikosa siku mbili mikono inatetemeka na jasho linanitoka. Siku hizi nasahau sana, na furaha sina. Je, niongeze kipimo?

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa mwenzako. Miaka sita si mingi kwa jambo hilo. La, usiongeze. Na tafadhali, usiziache kwa mkupuo pia, hata kama mwanao atakuja kuzitupa zote kwa nia njema.

Diazepamu ilianza kuuzwa 1963 kwa jina la Valium, na sababu iliyoipa sifa ndiyo hiyohiyo iliyokunasa: hufanya kazi ndani ya saa moja. Dawa ya sonona inakuomba uvumilivu wa mwezi mzima, hii inakulaza leo. Ina kazi zake za heshima, kama kukata degedege, kulegeza misuli iliyokakamaa, na kumtuliza mtu anayeachishwa pombe. Lakini ikitumika kila usiku, katika wiki chache tu mwili huizoea, kipimo cha jana hakitoshi leo, na ukiikosa unapata kile ambacho vijana wanakiita arosto. Kutetemeka na jasho lako ndiyo hiyo arosto, wala si uzee.

Watu wengi huchanganya makundi haya mawili kwa kuwa yote huitwa "dawa za akili", kwa hiyo nieleze. Umoja wa Mataifa una mkataba wa mwaka 1971 unaodhibiti dawa zinazoathiri akili ambazo watu wanaweza kuzitumia vibaya. Diazepamu na ndugu zake waliingizwa humo 1984. Amitriptilini na fluoksetini hazimo katika orodha hizo, kwa sababu hazimfanyi mtu azitamani wala azitafute vichochoroni. Kwa hiyo dawa ambayo jamii inaiogopa, ile ya sonona, ndiyo isiyoleta uraibu wa namna hiyo, na ile inayopokewa kwa mikono miwili, "kidonge kidogo cha usingizi", ndiyo yenye ndoana. Sisi wauza dawa tunabeba sehemu kubwa ya lawama hii. Mteja wa diazepamu hurudi kila wiki, hushukuru, na halalamiki.

Njia ya kutoka ni ya polepole. Daktari atakupangia kupunguza sehemu ndogo, mara nyingi kama moja ya kumi ya kipimo kila baada ya wiki mbili au zaidi, na kwa mtu aliyeitumia miaka sita si ajabu kazi hiyo ikachukua miezi kadhaa. Ukikata ghafla unaweza kuanguka kifafa hata kama hujawahi kuwa nacho. Wakati huo usichanganye na pombe, wala tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, wala dawa ya kikohozi yenye kodeini. Zikikutana zinaweza kupunguza pumzi. Ondoa pia mkeka unaoteleza kati ya kitanda na choo, kwa sababu wazee wanaotumia diazepamu huanguka usiku, na nyonga iliyovunjika katika umri huo ni balaa jingine.

Kusahau kwako kunaweza kutokana na dawa, na kunaweza kutokana na sonona yenyewe, kwa kuwa kwa wazee sonona huiga ugonjwa wa kusahau. Umeandika "furaha sina" mwishoni kabisa, kama kitu kilichokuponyoka. Mimi ningeanza hapo. Miaka sita umekuwa ukilazwa bila kuulizwa kama una huzuni, na kulala si kupona. Mwambie daktari sentensi hiyo kwanza, ndipo umwonyeshe vidonge.

Mwanangu wa kike ana miaka 20, yuko chuo kikuu, na mimi niko Mombasa. Ameandikiwa fluoksetini miligramu 20. Nimesoma kwamba dawa hii huwaletea vijana fikra za kujiua. Nimwachishe?

Mama, usimwachishe, mkaribie. Onyo ulilosoma ni la kweli. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo hilo kwenye pakiti mwaka 2004 kwa ajili ya watoto na vijana, na mwaka 2007 ikalisogeza hadi miaka 24. Katika majaribio ya watoto na vijana, fikra na vitendo vya namna hiyo vilionekana kwa takriban 4 katika kila 100 waliopewa dawa, na 2 katika kila 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Hakuna aliyejiua katika majaribio hayo. Hatari iko zaidi mwanzoni na kila kipimo kinapobadilishwa, na ndiyo maana kijana hapewi vidonge vya miezi mitatu akaambiwa kwaheri.

Katika mwezi wa kwanza mpigie simu kila siku, na aonwe na daktari kila wiki au kila wiki mbili. Angalia kama hatulii mahali, hasinzii kabisa, ana hasira mpya, au, kinyume chake, amechangamka kupita kiasi, anaongea bila kituo na kutumia fedha ovyo; hali hii ya mwisho huashiria kwamba ugonjwa wake ni ule wa kupanda na kushuka, nao hautibiwi kwa dawa ya sonona peke yake. Muulize waziwazi kama anawaza kufa. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Kwa kawaida humpa nafasi ya kutua mzigo. Akijibu ndiyo, asibaki peke yake, dawa zote za nyumbani ziwe mikononi mwa mtu mwingine, na afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Zamani jamaa waliogopa kwenda, kwa kuwa kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu hicho, cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinakwenda kinyume na Katiba. Mtu anapelekwa kutibiwa, hapelekwi kituo cha polisi.

Nafundisha kemia sekondari, Iringa. Wanafunzi wameniuliza kama ni kweli sonona ni upungufu wa serotonini ubongoni. Nijibu nini?

Mwalimu, wajibu kwamba hiyo, ya upungufu wa serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva, ilikuwa dhana iliyouzika vizuri kuliko ilivyothibitika. Mambo yalianza kwa bahati. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View huko New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa iproniazidi, dawa iliyokuwa ikijaribiwa kwa ugonjwa huo, walionekana kuchangamka kuliko hali ya mapafu yao ilivyostahili. Nchini Uswisi, daktari Roland Kuhn alikuwa akijaribu dawa iitwayo imipramini kwa wagonjwa wenye kuchanganyikiwa. Haikuwafaa, ila wenye sonona aliowapa walipata nafuu, naye akaripoti hayo mwaka 1957. Dawa zilitangulia, nadharia ikafuata: zilipogundulika kuongeza serotonini na mwenzake noradrenalini kati ya seli za neva, watu wakakisia kwamba ugonjwa ni upungufu wa vitu hivyo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2022 hayakukuta ushahidi thabiti wa upungufu huo.

Je, basi dawa hazifanyi kazi? Hapana, hilo ni swali jingine. Maji ya chumvi na sukari humrudishia anayeharisha kile hasa alichopoteza. Dawa ya sonona haifanyi hivyo, na bado huponya. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 522 yenye washiriki watu wazima 116,477, na dawa zote 21 zilizochunguzwa zilishinda kidonge kisicho na dawa, amitriptilini yetu ya bei nafuu ikiwa mbele kwa nguvu. Ushindi wenyewe ni wa kiasi. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2006, aliyepona kabisa kwa dawa ya kwanza alikuwa takriban mmoja kati ya watatu, na wengine walilazimika kubadilishiwa au kuongezewa. Waambie wanafunzi hivyo hivyo, bila kuipamba wala kuizika.

Niko kijiji cha ndani, wilaya ya Kasulu. Zahanati yetu ina tabibu mmoja na dawa hizi hazina. Ndugu yangu amejifungia ndani tangu shamba lake liuzwe kwa deni. Hakuna tiba isiyo ya vidonge?

Ipo, na kwa sonona nyepesi ndiyo inayopaswa kutangulia. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba sonona nyepesi haihitaji vidonge.

Mfano bora uko jirani yenu. Kusini-magharibi mwa Uganda, katika maeneo ya Masaka na Rakai, vijiji 30 viliingizwa katika jaribio lililochapishwa 2003. Katika nusu ya vijiji, watu wenye sonona walikutana kila wiki kwa wiki 16, dakika 90 kila mara, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Hawakupewa kidonge hata kimoja. Walizungumza kuhusu mambo ya aina nne: msiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha, na upweke. Mwanzoni watu 86 katika kila 100 wa vikundi hivyo walikuwa na sonona kamili. Mwishoni walibaki chini ya 7, ilhali katika vijiji visivyo na vikundi walibaki 55. Zimbabwe nako, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaa ya Harare kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsikiliza mtu mwenye kile Washona wanachokiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Mpango huo umeshafika hadi Zanzibar. Hata ndugu zetu wa Rwanda, kwa lugha iliyo karibu sana na Kiha chenu, huiita sonona agahinda gakabije, huzuni iliyopitiliza, na nadhani jina hilo linaeleweka na mgonjwa upesi kuliko letu.

Ndugu yako amepoteza shamba, kwa hiyo msimwambie ajikaze. Muulize tabibu kama amepata mafunzo ya afya ya akili. Hata bila dawa anaweza kuuliza yale maswali tisa na kujua ukali wa hali. Wakati mnangoja, mchukueni kwa jambo dogo lenye saa yake: kuchota maji pamoja saa kumi na mbili asubuhi, kuketi kwenye mkutano wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, hata asiposema neno. Msingoje apate hamu ndipo atoke. Kwa mwenye sonona kutoka hutangulia, hamu hufuata. Asiye na uwezo wa kula wala kunyanyuka, au anayesema heri afe, huyo si wa benchi. Mkodieni bodaboda au gari aende hospitali ya wilaya.

Tuna mgonjwa wa sonona nyumbani, Unguja, anameza fluoksetini. Mama yangu mkwe anasema visomo vinatosha na vidonge vinaharibu visomo. Nifanye nini?

Msigombane naye. Kisomo kinampa mgonjwa watu wanaomzunguka na maneno ya matumaini, na hakuna kinachokatazwa humo kwa anayemeza fluoksetini. Yanayokatazwa ni matatu: kumfunga, kumpiga, na kumwambia aache dawa ili shetani atoke. Mwombe mama mkwe asome usiku na wewe utoe kidonge asubuhi, maana fluoksetini humezwa asubuhi hata hivyo.

Nina miaka 35, Mwanza. Nimetumia fluoksetini miezi minne na sasa niko vizuri kabisa, ila tendo la ndoa limekuwa gumu kufika mwisho. Naona niache. Pia mke wangu ana mdogo wake mwenye huzuni. Anataka nimpe vidonge vyangu vitakavyobaki.

Kaka, uko vizuri kwa sababu dawa inafanya kazi, na miezi minne ni mapema. Kwa kawaida tunahesabu miezi tisa hadi kumi na miwili kuanzia siku uliyopata nafuu, si siku uliyoanza kumeza. Aliyeugua mara mbili au tatu hukaa nayo zaidi. Wanaoacha mapema ndio ninaowaona wakirudi na karatasi ileile baada ya miezi michache, wakiwa wamekata tamaa zaidi.

Hilo la ndoa ni kero inayojulikana sana ya dawa hii, na wanaume wengi huacha kimya kimya kwa sababu yake huku wakimwambia daktari kwamba dawa imeisha. Mwambie ukweli. Kipimo kinaweza kupunguzwa au dawa kubadilishwa, na upo uwezekano wa kupewa isiyogusa sana upande huo. Siku ya kuacha ikifika, punguza kwa muda usiopungua wiki nne. Fluoksetini ina upole hapa, kwa sababu hukaa mwilini wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Zipo nyingine ambazo ukizikata ghafla unasikia kizunguzungu na mfano wa shoti ya umeme kichwani. Hiyo si dalili ya uraibu, ni ubongo unaojipanga upya, na hupita.

Shemeji yako asipewe. Hujui kama huzuni yake ni sonona, kama ana mimba, kama anameza tramadoli, ambayo ikikutana na fluoksetini huweza kuleta homa, mtetemeko na kuchanganyikiwa, au kama kesho yake anachangamka kupita kiasi kama nilivyomweleza mama wa Mombasa. Mpeleke kliniki akaulizwe yale maswali tisa. Na vitakavyobaki usivimwage chooni wala kuvirudisha kwenye kopo la kahawa. Vilete dukani, tuvichanganye na dawa zilizopitwa na muda ambazo huteketezwa kwa utaratibu wake.